Mrejesho: ndago na funza kwenye miwa ya Kamanyola

Bandugu, aksanti sana. Niliwauliza nikiwa Bukavu, miwa yangu kule Kamanyola imemezwa na magugu ya ndago na machipukizi yanakauka katikati, na franga za dawa sina. Basi ndago sikati tena juu juu, nachimba na jembe mpaka nitoe zile punje nyeusi za chini, maana ukiacha moja tu inaota tena, na palizi narudia mpaka majani ya miwa yafunike mistari. Machipukizi makavu nikayakata chini kabisa, moja nikalipasua na kisu, funza huyo ndani, amejizungushia unga sawa wa mbao, nikachoma yote. Wiki hii mapya yametoka, kijani kabisa, nimefurahi sana jamani!