Naomba ushauri: mtungi gani wa kuzimia moto unafaa nyumba ya vyumba 12?

MwenyeBati:
Wakuu, habari za humu. Nina nyumba ya kupangisha, vyumba 12 vya mbao na bati, sita vinatazamana na sita, katikati korido. Mtaa wetu ni wa kubanana, ukinyoosha mkono dirishani unagusa ukuta wa jirani. Wiki mbili zilizopita moto uliteketeza nyumba nne mtaa wa pili, na tangu siku ile wapangaji hawanipi raha. Kila nikikanyaga pale naulizwa, "Na sisi je?" Nimeamua kununua mtungi wa kuzimia moto. Swali langu ni dogo tu: wa poda au wa povu? Na mmoja unatosha? Naomba majibu ya maana, usingizi siupati.

KikombeTupu:
Mkuu, mimi mtungi ninaoufahamu ni ule wa Ijumaa jioni. Nao unazima moto, ila wa rohoni. Samahani, endeleeni.

FundiWaya:
Mtungi weka pembeni kwanza. Moto wa nyumba za namna hii mara nyingi unaanzia kwenye waya. Mita moja ya umeme, vyumba 12, kila mtu kavuta umeme kutoka kwa mwenzake kwa waya mwembamba wa spika. Waya wa 1.5 (unene, milimita za mraba) ni wa taa, soketi inataka 2.5. Sasa mtu anachomeka pasi na jiko la umeme kwenye ekstensheni moja iliyopitishwa chini ya godoro. Fyuzi ikiungua wanafunga kipande cha waya, basi hapo hakuna tena cha kukata umeme mpaka ukuta wenyewe uwake. Juzi nimefungua soketi ya mteja, plastiki imebadilika rangi, kahawia tupu. Ananiambia ilikuwa inanuka kama samaki, yeye akawa anamsaka panya nyuma ya kabati wiki nzima. Ukisikia harufu ya samaki na hakuna samaki, zima swichi kubwa.

ShangaziR:
Nyie wenye nyumba mna dhambi zenu. Mnapanga watu kama kuni halafu mnauliza povu au poda! Mtoto wa dada yangu aliungua mkono, jiko la mafuta lilimlipukia, kumbe mafuta ya taa yalichanganywa na petroli huko yalikouzwa. Tukampaka dawa ya meno haraka haraka kabla ya kumpeleka.

Nesi_wa_Zamu:
Shangazi, kwa heshima zote, dawa ya meno hapana. Wala mafuta, wala yai. Ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili, huku mnavua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Halafu funika kwa kitambaa safi, mpeleke. Sisi kazi ya kumkwangua mtoto dawa ya meno juu ya kidonda tunaijua.

ShangaziR:
Asante mwanangu. Wakati ule ndivyo tulivyofundishwa.

MzeeWaHozi:
Nimekaa zimamoto miaka mingi, sasa nimestaafu. Nakujibu ulichouliza. Chukua poda kavu yenye alama ABC, kilo 6. Inafaa mbao, inafaa mafuta, inafaa umeme. Angalia sindano ya kipimo cha presha iwe kwenye kijani, vuta pini, elekeza chini kwenye shina la moto, si juu kwenye ndimi zake, kisha fagia kushoto kulia. Ila ujue poda yote inaisha chini ya nusu dakika. Ule ni mtungi wa kuzimia moto wa sufuria, au godoro lililoanza kushika. Chumba kizima kikishashika, mtungi huo mwagilia maua.
Sasa nami nikuulize. Korido yako inatokea wapi? Ina milango mingapi?

MwenyeBati:
Shukrani sana mzee wangu. Kuna geti mbele, kubwa tu. Basi nachukua mmoja wa kilo 6, nauning'iniza pale getini uhudumie vyumba vyote 13.

JichoKali:
Simama hapo. Juu uliandika 12. Hicho cha 13 kimezaliwa saa ngapi?

MwenyeBati:
Kuteleza kwa vidole tu. Tujadili mtungi.

JichoKali:
Vidole haviongezi chumba, bosi. Sema.

MwenyeBati:
Sawa. Nyuma kulikuwa na uchochoro, upana kama mita moja na nusu, unatokea njia ya chini. Mwezi uliopita niliuziba nikajenga chumba. Msinirukie. Ulikuwa jalala, vibaka wanajificha humo, akina mama wenyewe walikuwa wanalalamika. Mpangaji ameshaingia, kodi ameshalipa, na hela yenyewe nimeshabadilishia bati zilizokuwa zinavuja kwa hao hao wanaolalamika leo. Kwa hiyo hilo limepita, tusirudi nyuma. Ndiyo maana nauliza mtungi.

MzeeWaHozi:
Na geti la mbele usiku?

MwenyeBati:
Linafungwa saa tano kwa kufuli, kwa ajili ya wezi. Ufunguo anakaa nao mpangaji wa namba 1. Mtu mwaminifu sana.

Nesi_wa_Zamu:
Mungu wangu.

MzeeWaHozi:
Nisikilize ndugu yangu, sikugombezi. Chumba cha mbao na bati kikishika, moshi wa moto unajaa juu chini ya paa, bati linatema joto kuelekea chini, na ndani ya dakika chache godoro, nguo na meza vinashika kwa pamoja. Moto unatoka mlangoni na kwenye mwanya wa paa, unalamba chumba cha pili kabla wa kwanza hawajamaliza kupiga kelele. Na hapo nimeruka moshi, ambao ndio unaoua wengi, mtu hata hajaamka. Anayeamka anatakiwa kutambaa, uso karibu na sakafu, upande wenye hewa. Wako watatambaa kwenda wapi? Mbele kufuli, nyuma chumba.
Gari letu lina upana wa mita mbili na nusu hivi. Kwenye uchochoro wako lisingepita hata ungekuwa wazi, huo ndio ukweli. Lakini mpira ungepita. Na watu wangetoka.

MwenyeBati:
Mzee nakuelewa, ila mnaongea kama vile ardhi ni bure. Mita moja na nusu kwenu ni njia, kwangu ni ada ya shule. Na nimefikiria: nitamwachia mpangaji wa namba 2 ufunguo wa akiba. Hapo kuna ubaya gani?

Msafiri_wa_Vitabu:
Tusimchape peke yake, jambo hili ni gumu kuliko tunavyolisema. Cape Town, Machi 2017, moto wa Imizamo Yethu, mtaa wa mabanda, ulikula nyumba zaidi ya 2,000. Baadaye jiji likataka kupanga upya eneo lile ili kuwe na barabara na nafasi kati ya nyumba, na baadhi ya wakazi wakaupinga mpango. Kila njia inayofunguliwa inakula chumba cha mtu.
Huko huko kuna kifaa kinaitwa Lumkani, kengele inayosikia joto badala ya moshi. Walijua kuwa watu wanapika ndani, kengele ya moshi ingelia kila jioni mpaka mtu angoe betri. Hii inapima kasi ya joto kupanda, na ikilia kwako zinalia na za majirani. Mwenye vyumba 13 angeanza na kitu cha namna hiyo. Hata filimbi kila chumba ingefaa kuliko mtungi mmoja getini.
Na Sinai, Nairobi, 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kwenye bomba ikaingia mferejini, watu wakaenda kuchota na ndoo. Waliokufa walizidi 100.

KikombeTupu:
Mambo ya petroli yanahusianaje na geti la huyu bwana?

Msafiri_wa_Vitabu:
Hayahusiani. Nimekumbuka tu.

Mkaguzi_wa_Nyuzi:
Poleni kwa kuwakatisha machozi. Nimepekua. Huyu MwenyeBati mwaka 2022 alifungua uzi hapa hapa akiomba mbinu za kumbembeleza MWENYE NYUMBA amvumilie kodi. Leo ana vyumba 12, sorry, 13. Hii ni chai wakuu, tena ya jana, imepashwa moto. Subirini, sasa hivi atatokea mtu anauza mitungi.

Vifaa_Usalama_Bora:
Mitungi ya kilo 6, 9 na 12 ipo, karibu inboksi.

KikombeTupu:
Nimecheka mpaka mke wangu ameamka.

MwenyeBati:
Mimi huyo muuza mitungi simjui! Akaunti hii tunaitumia wawili, mimi na mdogo wangu. Ule uzi wa kodi ni wake.

Mkaguzi_wa_Nyuzi:
Kwani mdogo wako hapangi kwako?

MwenyeBati:
Nilimkatalia. Halipi.

JichoKali:
Hapo sasa nimemwamini. Hakuna anayetunga kitu kama hicho.

FundiWaya:
Mimi bado nina mashaka. Nyumba ya vyumba 13, hajataja mita ya umeme hata mara moja.

DadaWaPili:
Huwa nasoma tu, leo naandika. Iwe chai iwe si chai, mimi niliunguliwa. Korido kama hiyo, geti kama hilo. Moto ulianzia chumba cha tatu, mshumaa. Mwenye ufunguo alikuwepo, alikuwa mzima, alikuwa ameushika mkononi. Lakini umeme ulikuwa umekatika, moshi umeshuka mpaka kiunoni, na kufuli lenyewe linaning'inia upande wa nje, unapitisha mkono kwenye nondo unapapasa. Ufunguo ukamponyoka. Tulitoka kwa sababu vijana wa nje walivunja ukuta wa mbao kwa jiwe la kufulia. Sote tulitoka. Mimi mkononi nilikuwa na rimoti ya televisheni, mpaka leo sijui niliichukua saa ngapi.
Kaka, ufunguo wa akiba nao ni ufunguo.

MzeeWaHozi:
MwenyeBati, usinibishie, usinikubalie. Kalale pale siku moja. Usiku wa manane, geti likiwa limefungwa kama kawaida, anza chumba cha mwisho. Funga macho, inama, shika ukuta, hesabu mpaka uwe nje. Nje kabisa, barabarani. Kisha uje utuambie ulihesabu ngapi.

Mkaguzi_wa_Nyuzi:
Harudi huyo. Fungeni uzi.

*(Siku nne baadaye)*

MwenyeBati:
Nimerudi. Kijana wa namba 12 alinipa mkeka nikalala kwake. Saa nane nikaanza. Nilijigonga kwenye ndoo, nikajigonga kwenye baiskeli, nikalishika geti nikiwa nimehesabu 34. Kufuli. Nikagonga namba 1, kimya. Nikagonga tena. Akaitika mkewe: mume wangu yupo zamu ya usiku wiki hii. Ufunguo je? Kaondoka nao mfukoni, huwa anasahau.
Nikarudi kule nyuma nikagonga kwa mpangaji mpya. Alikuwa macho. Kabla hajafungua akaniuliza kupitia mlangoni, "Moto?" Nikamwambia hapana, lala.
Jana nimeondoa kufuli. Nimeweka komeo linalofunguliwa kwa ndani bila ufunguo, na bamba la chuma ili mwizi asipitishe mkono.

MzeeWaHozi:
Hapo umefanya jambo. Na chumba?

MwenyeBati:
Mzee, nipe mpaka mwisho wa mwezi niongee naye.

DadaWaPili:
Hilo komeo lijaribu mwenyewe. Hakikisha linafunguka kwa mkono mmoja, maana mwingine mtu atakuwa amebeba mtoto.

KikombeTupu:
Au rimoti.