Diski ya nje inawaka taa ila kwenye Ubuntu vitu havionekani. Msaada wa haraka, nipo Mtwara

Picha_Chikongola: Habarini wakuu. Laptopu yangu ina Ubuntu, yaani Linux badala ya Windows, aliniwekea mdogo wangu kabla hajaenda Dar. Nina diski ya nje ya TB 1. Tangu jana nikiichomeka taa inawaka, naisikia inazunguka, ila kazi zangu hazipo. Nimebadilisha waya, nimehamisha tundu, nimezima na kuwasha mpaka nimechoka. Kuna video ya harusi ndani na wenyewe wanaitaka. Swali langu moja tu: nikiifomati itarudi kuwa nzima?

Korosho Ghafi: Mpiga picha wa harusi na Ubuntu wapi na wapi? Weka Windows ulale.

Fundi_Mikindani: Usifomati kitu. Ulikuwa unaichomeka pia kwenye mashine ya Windows? Kama kule wamewasha ile ya kuwaka haraka, Windows haizimiki sawasawa, na diski ya NTFS, yaani iliyopangwa kwa mtindo wa Windows, ikija huku Ubuntu inaweza kuigomea au ikakuachia kusoma tu. Fungua teminali, andika `lsblk -f`, itaorodhesha diski zote na zilivyopangwa, utuwekee hapa kinachotoka.

Mzee wa Nangurukuru: Yangu ilikuwa inawaka na kuzima kama kimulimuli. Kumbe umeme mdogo. Tundu la USB 2 linatoa miliampea 500, diski inataka zaidi wakati wa kuanza kuzunguka. Nilikwenda Lindi mjini kununua waya wenye vichwa viwili, muuzaji akaniambia subiri dada yangu anauleta kutoka nyumbani. Huyo dada leo ni mama watoto wangu. Waya ninao mpaka leo.

Picha_Chikongola: Hongera mzee. Fundi, imetoka hivi: sdb, iso9660, Ubuntu 22.04.3 LTS amd64. Ni kirusi?

Fundi_Mikindani: Si kirusi. iso9660 ni mpangilio wa faili la kusakinishia, maana yake diski yako imechomwa Ubuntu juu yake. Jana ulifanya nini? Sema yote.

Mama Swabra: Harusi ya mtu ni amana, mwanangu. Kwa nini hukuweka nakala mahali pengine? Vijana mnapokea hela za watu halafu mnabahatisha.

Picha_Chikongola: Sawa. Jirani aliniomba nimwekee Ubuntu, nikachoma flashi, yaani nikaiandikia faili la Ubuntu, kwa amri ya `dd` kama daftari la mdogo wangu linavyoelekeza. Inaonekana imeandika kwenye diski. Ila hilo nishalimaliza. Mama wa bibi harusi nimemwambia diski ilidondoka majini tukiwa kwenye pantoni ya Msangamkuu, akalia kidogo, akaelewa. Jumamosi nina kazi Nanyamba, diski naihitaji. Ndiyo maana nimeuliza kufomati, sijauliza dhambi.

Mama Swabra: Astaghfirullah.

Tandahimba Kwetu: Pantoni gani hiyo inazamisha diski, mwenye diski anashuka na shati kavu?

Sukari Kidogo: Wakuu mnakunywa chai hapa. Mtu anauliza kama iso9660 ni kirusi, halafu huyo huyo anatumia `dd`? Pia harusi gani ya mwezi wa nne? Kusini watu wanaoa korosho zikishauzwa, Oktoba kwenda Desemba. Saa hizi nani ana hela ya mpiga picha? Tunga nyingine.

Korosho Ghafi: Kwani hela ni ya korosho tu? Mimi nilioa mwezi wa saba kwa hela ya ufuta.

Sukari Kidogo: Mwezi wa saba si wa nne. Halafu hongera.

Mzee wa Nangurukuru: Mimi nilioa bila hela kabisa.

Fundi_Mikindani: Chai au si chai, kosa lenyewe lipo na mimi lishanikuta. Hayo majina ya sda, sdb hayana mwenyewe, Linux inayagawa kadiri inavyovitambua vifaa. Siku mdogo wako anaandika daftari, sdb ilikuwa flashi. Jana diski ilitangulia kuchomekwa, ikachukua sdb, flashi ikawa sdc. Na `dd` haiulizi mara mbili.

Picha_Chikongola: Ndivyo ilivyo. Daftari limeandikwa `of=/dev/sdb`, yaani andika kwenye sdb, mimi nimenakili herufi kwa herufi. Diski niliisahau imechomekwa. Sukari, ukitaka nikupigie picha daftari.

Fundi_Mikindani: Basi sikiliza. Faili la Ubuntu 22.04.3 ni GB 4 na ushee. Kilichokuwa sehemu hiyo kimekwenda, na orodha ya majina ya mafaili huenda imekwenda nacho. Ila diski ni TB 1, video nyingi bado zimelala mle. `sudo apt install testdisk`, utapata na `photorec`, programu ya kuokoa mafaili, humo humo. Yenyewe haitafuti jina, inatafuta alama za ndani ya faili, kwa hiyo utapata rundo lisilo na majina, utakaa uchambue. Zitoe kwenye diski nyingine, usizirudishe hiyo hiyo. Ukifomati ukajaza ya Nanyamba, hapo ndipo itazama kweli.

Picha_Chikongola: Diski nyingine sina, na Jumamosi ni keshokutwa.

Mama Swabra: Uongo wa pantoni uliupata wapi bure? Azima.

Picha_Chikongola: Nimeazima kwa jirani yule yule wa Ubuntu. `photorec` inakwenda tangu asubuhi, video 212 mpaka sasa. Nimefungua moja, bibi harusi na mama yake wanacheza, sauti ipo. Sasa wakuu, yule mama nitamwambia diski imetokaje majini?

Tandahimba Kwetu: Mwambie imenaswa na nyavu.