Naomba ushauri: rasimu ya ripoti ya mafunzo kwa vitendo imerudishwa

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninasoma uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu, na ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo niliiandika bila mpango, nikifuata tu tarehe za daftari la kila siku. Matokeo ya kuvunja vipande vya zege (kupima nguvu ya zege) siku ya 7 baada ya kumwagwa yako ukurasa wa 9, ya siku ya 28 yako ukurasa wa 23, na pembeni msimamizi ameandika kwa wino mwekundu, “Kwa hiyo?”

Je, niipange upya kwa mada kabla ya kusahihisha sentensi? Na hatua za vipimo niandike “tulipima” au “vilipimwa”? Naomba sana mwongozo wenu, kwani ninataka ieleweke.