Kikundi: Vibonzo Kibokoni

Mwanaisha: Asalaam aleikum nyote. Muswada wa toleo la kwanza uko hapo juu, kurasa 24. Nahodha na binti wa Mji wa Kale wanatenganishwa Ngomeni (Ngome ya Yesu, Mombasa) inapozingirwa, Machi 1696. Wanazaliwa upya zama zetu, kila mmoja na nguvu zake, wanatafutana Mlima Kenya. Nipeni makosa kwanza, sifa baadaye.

Fadhili: Waaleikum salaam. Ukurasa wa 3 umemvisha binti leso yenye jina, yaani maneno ya pindoni. Leso yenyewe ni ya karne ya 19, na maneno yake yaliingia baadaye. Itoe.

Mwanaisha: Lakini hiyo ndiyo alama ya kutambuana! Bila alama msomaji atajuaje ni walewale?

Fadhili: Tafuta alama itakayoonekana mlimani. Kule wamevaa kofia ngumu, miwani na glavu. Kovu la shavuni limefunikwa, kikuku kiko ndani ya buti. Na uso kwenye fremu ndogo ni nukta mbili na mstari tu. Nipe kitu cha kuchorwa kwa mistari minne.

Ami Swaleh: Mpe fundo, mwanangu. Baharia hujulikana kwa fundo lake. Kile kitanzi cha kufungia chombo gatini: unafanya tundu dogo, ncha inapanda kutoka chini yake, inazunguka nyuma ya kamba, inarudi tunduni ilikotoka. Hakikazi kikamnyonga mtu, na hata kikishabeba mzigo mzito hufunguka kwa vidole.

Rehema: Ami, hapo umetupa hadithi nzima! Wapanda mlima nao walijifunga kwa kitanzi hichohicho miaka na miaka. Siku hizi wengi wanatumia fundo la nane, lenye umbo la tarakimu 8, kwa sababu kitanzi kisipokuwa na mzigo, kikawa kinatikiswa tu, hulegea chenyewe. Kamba ikiwa mpya na ngumu ndiyo zaidi. Na ncha ikiachwa fupi, ndiyo balaa.

Ami Swaleh: Kamba ya makumbi ina manyoya, inashikana. Nailoni ni utelezi mtupu.

Mwanaisha: Kumbe fundo linalomtambulisha ndilo litakalomwangusha 😳

Rehema: Na misimu je? Umewapandisha wote Agosti, yeye wa kike uso wa kaskazini, nahodha kusini. Haiwezekani. Mlima uko karibu kabisa na ikweta. Juni hadi Septemba jua liko kaskazini, mwamba wa kaskazini wa kilele cha Batian unakauka, na kusini kumeganda barafu. Januari na Februari mambo hugeuka, watu hupanda kilele cha Nelion kwa upande wa kusini mashariki.

Mwanaisha: Basi kila mmoja mlango wake ukifunguliwa, wa mwenzake umefungwa. Subhanallah. Hiyo sikuibuni hata mimi.

Rehema: Tena Batian ni mita 5,199, Nelion 5,188, na katikati kuna pengo la barafu linaloitwa Lango la Ukungu. Wakutanie hapo. Usiwapeleke Lenana, mita 4,985, kule watu hufika kwa miguu bila kamba. Na usiwape wapenzi majina ya vilele, hao walikuwa malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimaasai.

Kassim wa Chapa: Mabawa ya dada huyo yanafanya kazi juu huko?

Rehema: Kwa shida. Kwenye mita 5,000 uzito wa hewa ni kama asilimia 60 ya huu wa kwetu pwani. Bawa lilelile linahitaji kasi karibu theluthi zaidi ili limbebe. Kwa hiyo kujirusha kutoka ukingoni na kuteleza hewani anaweza, kupaa kutoka alipokaa ndipo atakapotweta. Ukimwachia apae tu, mlima wa nini?

Halafu kuna hili la kutoka Likoni ukurasa wa 7, kileleni ukurasa wa 9. Mtu wa usawa wa bahari akipanda hivyo kichwa kitampasuka, atatapika, na akianza kuyumba kama mlevi ubongo unavimba. Dawa ni kushuka, saa hiyohiyo. Kupita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku.

Fadhili: Fremu tatu nyembamba za hema, kila moja theluji imezidi. Robo ukurasa, usiku tatu zimekwisha.

Mwanaisha: Na maono ya 1696 yaanze anapoanza kuyumba, msomaji asijue ni kumbukumbu au ni maradhi!

Fadhili: Hapo sawa. Fremu za 1696 nitazichora bila mipaka. Kuyumba kukizidi, za leo nazo zipoteze mipaka kidogo kidogo.

Kassim wa Chapa: Sasa nisikilizeni mimi. Lango la Ukungu mmeliweka kurasa 14 na 15. Kitabu hiki ni A5, kinapigwa pini katikati. Kurasa 14 na 15 ziko kwenye karatasi mbili tofauti, mwamba utaachana hapo kwenye mkunjo. Karatasi moja nzima ni 12 na 13 peke yake. Leteni Lango huko. Viputo vya maneno vikae mbali na mkunjo, milimita 10 hivi, na mchoro uzidi milimita 3 kila upande wa kukatwa. Nukta 300 kwa inchi, si picha iliyopita WhatsApp.

Mwanaisha: Kwa hiyo fremu ya mwisho ya ukurasa wa 11 ni fundo linalegea. Msomaji akifunua, nahodha anaanguka Langoni.

Fadhili: Ami, nipigie picha za fundo, hatua nne. Nisije nikalichora kinyume.

Ami Swaleh: Ncha ikiisha kupita ibaki ndani ya kitanzi. Wako wanaoiacha nje. Nalo linashika, lakini ni mkono mwingine.

Mwanaisha: Ami! Basi nahodha aiache ndani, binti aiache nje.

Kassim wa Chapa: 12 na 13 nileteeni kabla ya jalada, nizijaribu kwenye mashine.

Ami Swaleh: Picha baada ya isha. Kamba iko darini.