Mgeni Houston, nataka kumfundisha mwanangu kuvua Galveston, nianzie wapi?

Mwana_Kivinje

Wadau habari zenu. Nina miezi minne hapa Houston, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, nimekulia kwenye ngalawa ya baba mdogo, Mungu amrehemu, mshipi wa mkono, chubwi, chambo ngisi, basi. Jumapili iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka 9 Galveston, kile kisiwa cha pwani karibu na Houston, tukatembea juu ya ule ukuta mrefu wa bahari, akaona watu wamesimama kwenye majabali na fimbo za kuvulia akaniuliza baba na wewe unajua kuvua? Nikamwambia najua, halafu nikanyamaza, maana huyu mtoto samaki anayemjua ni wa kwenye friza, hajawahi kumshika akiwa hai. Nimelala na hilo swali wiki nzima.

Sasa kilichonichanganya ni maji yenyewe. Nilikaa pale tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa nasubiri maji yatoke ili nione mawe yako wapi na mkondo unapita wapi, hayakutoka! Kwetu siku kama ile ya mwezi mpevu maji yangekimbia mpaka wanawake wanaenda kuchokoa pweza kwa miguu, hapa yamekaa palepale kama ya kwenye beseni. Mnavuaje kama hamjui maji? Halafu leseni inakuwaje, maana nasikia ukikamatwa huna ni faini. Na fimbo ya aina gani ninunue, nina kama dola 100 za kuanzia.

Mzee_wa_Chambo

Karibu sana mkuu. Mimi ni wa Tanga, niko huku tangu 2009 na hilo la maji lilinisumbua mwaka mzima hakuna wa kunielewesha kwa hiyo ngoja nikueleze vizuri.

Bamvua iweke pembeni kwanza. Kwetu siku za bamvua maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi, Galveston ni futi moja au mbili tu, na siku nyingi unapata kujaa kumoja na kupwa kumoja kwa siku nzima badala ya mbili mbili tulizozoea. Ghuba ya Mexico imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, inapumua kwa milango miwili tu, kati ya Florida na Cuba na kati ya Cuba na Yucatan, ndio maana. Kinachosogeza maji hapa ni UPEPO. Baridi ikishuka kutoka kaskazini, kuanzia Novemba hivi, upepo unayasukuma maji ya ndani ya ghuba ndogo kwenda nje, unaamka unakuta matope yako wazi mahali ulipokuwa unasimama na maji ya kiunoni, samaki wote wamekimbilia kwenye mifereji yenye kina. Kiangazi ni kinyume, upepo wa kusini mashariki ukivuma kwa nguvu siku tatu mfululizo maji ya ufukweni yanakuwa kahawia kama chai ya maziwa (sio uchafu, ni tope la mito), ukitulia siku mbili yanageuka kijani, na yakishageuka kijani hapo ndio trauti wanasogea karibu na majabali. Kwa hiyo wewe badala ya kuhesabu siku za mwezi fungua simu uangalie upepo wa siku tatu zilizopita. Akili ya bahari unayo tayari, unabadilisha tu unachokisoma. Mkondo bado una maana yake lakini, samaki anakula maji yakiwa yanatembea, yawe yanaingia au yanatoka, yakisimama kabisa kunywa chai yako.

Leseni. Mtoto chini ya miaka 17 haihitaji, wewe unahitaji. Ya wakazi ya maji yote, chumvi na baridi pamoja, ni dola 40 lakini mkazi kisheria ni aliyekaa Texas mfululizo zaidi ya miezi 6, wewe na miezi yako minne utahesabiwa mgeni na utalipa 68. Sasa sikiliza, ukivulia ndani ya hifadhi ya jimbo, ukiwa nchi kavu au kwenye gati lao, huhitaji leseni kabisa, unalipa kiingilio tu. Nenda Galveston Island State Park, upande wa ndani wenye nyasi na maji ya magotini, kwa mtoto ni pazuri kuliko majabali ya ukutani ambayo yana mwani wa kijani unateleza vibaya. Miezi yako sita ikipita ndio ukanunue, na ukumbuke mwaka wa leseni ya kawaida unaisha tarehe 31 Agosti, ukinunua Julai umenunua mwezi mmoja au miwili tu.

Vifaa: fimbo ya futi 7 ya nguvu ya kati na rili yake, zinauzwa pamoja hazifiki dola 60, mshipi wa ratili 15 hivi, ndoano, kiboya, na kamba hai kutoka maduka ya chambo. Kamba umning'inize futi mbili chini ya kiboya, kila baada ya muda unakivuta kiboya kishtuke kitoe mlio juu ya maji, samaki anadhani mwenzake anakula. Usinunue cha bei kubwa kwanza.

Na rula! Usisahau rula. Hapa samaki anapimwa kwa inchi kuanzia mdomoni mpaka ncha ya mkia. Redifishi, yule mwekundu kama shaba mwenye doa jeusi kwenye shina la mkia, ni kati ya inchi 20 na 28, watatu kwa siku. Trauti mwenye madoa ni 15 mpaka 20, watatu. Gayogayo ni 15 kwenda juu, watano, na kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 14 Desemba hagusiki kabisa kwa sababu ndio wakati anatoka kwenda kuzaa. Hizi namba zinabadilika, trauti walimbadilisha 2024, kwa hiyo weka kwenye simu ile programu ya jimbo ya Outdoor Annual uangalie kila Septemba. Mdogo wangu wa kufikia alikutwa na trauti wawili wa inchi 13 kwenye sanduku la barafu, faini aliyolipa ingetosha kununua samaki wa miezi.

Kitu kingine watu wetu hawakijui, samaki wako huruhusiwi kumuuza hata kwa jirani, na redifishi na trauti wa baharini kwa Texas walipigwa marufuku kuuzwa tangu 1981. Walikuwa wamekwisha kwa nyavu. Tukiona leo wamejaa ni kwa sababu ya ile sheria, na mimi naiheshimu kwa moyo wote kwa sababu nimeona mabomu yalivyofanya miamba ya kwetu.

MamaShamim_Msa

Asalaam aleikum. Mzee kasema yote lakini mimi ni nesi na ni mtu wa Mombasa, naomba niongeze ya usalama maana mnaenda na mtoto.

Taa wako wengi sana kwenye maji ya magotini hasa joto likizidi. Mfundishe mtoto atembee kwa kukokota nyayo kwenye mchanga, asiinue mguu na kukanyaga, taa akisikia mchanga unatikisika anaondoka mwenyewe. Na hongwe, kambare wa baharini, wapo hapa vile vile, jamii moja na wa kwetu, na ndio watakaokula chambo chako mwanzo kuliko wote, ule mwiba wa mgongoni na miwili ya ubavuni ina sumu, mimi nimepokea mwanamume mzima analia kwa sababu alimkanyaga hongwe na ndara mwiba ukapita mpaka ndani. Tumia koleo kumtoa ndoano, usimshike. Ukichomwa na taa au hongwe tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, maumivu yatapungua, kisha nenda ukaangaliwe, kipande cha mwiba hubaki ndani.

Wenye kidonda kibichi wasiingie maji haya miezi ya joto. Kuna bakteria waitwao vibrio, ni wachache wanaoshikwa lakini akishikwa mtu mwenye sukari au ugonjwa wa ini hali inaharibika kwa saa, sio kwa siku. Ukiona mguu umevimba na kuwa mwekundu baada ya kutoka baharini usingoje kesho.

Na hilo la hongwe, najua sisi watu wa pwani twala. Idara ya afya ya jimbo imetoa tahadhari ya kambare wa kila aina wa Galveston Bay na pia samaki wa Houston Ship Channel, ni sumu za viwandani, daioksini na PCB, hazitoki kwa kupika. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasile kabisa. Redifishi wa upande wa Galveston sisi twala nyumbani. Usimparue magamba, mpasue minofu na magamba yake mkononi, weka upande wa magamba juu ya makaa, juu upake tui zito lenye ndimu, bizari na pilipili, yale magamba yanakuwa kama sahani na nyama haishiki wavu. Trauti nyama yake laini mno, akikosa barafu anaharibika haraka.

Na San Luis Pass, ule mlango wa bahari mwisho wa magharibi wa kisiwa cha Galveston, msiingie majini. Mkondo wake umechukua watu wengi.

Papa_Uvira

Bandugu jambo. Miye niko mutu wa Uvira, mambo ya bahari siyajue sana, najua ziwa, kule tulikuwa tunakula mikeke na ndagala mpaka tunachoka. Hapa Houston miye na batoto tunaendaka Lake Livingston, ni kama saa moja na nusu na gari, kuko hifadhi ya jimbo pia kwa hiyo ile ya kuvua bila leseni inakubali. Kambare wa maji baridi njo wengi, yule wa bluu na yule wa mifereji, chambo ni maini ya kuku ama samaki mudogo umekatakata, unatupa chini unangojea. Nao pia kuko hesabu ya mwisho kwa siku, angalia kwa ile programu Mzee alisema.

Kitu moja nawaambia sababu kilinishangaza. Tilapia, sato yetu, hapa wanamuhesabu kama adui wa mito, si samaki wa kwao. Ukimukamata hauruhusiwe kumubeba muzima ao kumutia kwa ndoo ya maji, unamuua na unamutoa matumbo pale pale. Nilikuwa na ndoo na batilapia watano wazima nikitaka wafike nyumbani wabichi, mama mumoja muzungu akanieleza na upole kabla askari hajafika, namushukuru mpaka leo.

Na Brazos Bend, hifadhi ingine ya jimbo, kuko mamba wa kizungu wengi, muzuri kabisa kwa kuangalia lakini mutoto asikae kwenye ukingo wa maji.

Mwana_Kivinje

Wadau nimerudi, nimewasoma mara tatu tatu. Jumamosi tulienda kama mlivyosema, upande wa ndani wa hifadhi, upepo ulikuwa mwepesi wa kusini mashariki siku mbili. Tulifika saa kumi na mbili kasoro, bado giza, na kitu cha kwanza nilichosikia ni mkizi wanaruka, pwaa, pwaa, sauti ile ile ya Kivinje. Nikamwambia mtoto ule msemo wa hasira za mkizi furaha ya mvuvi, akataka nimweleze, nikamwonyesha kwa kidole.

Nilianza naye na kaa, nilinunua shingo za kuku nikazifunga kwenye uzi wa kawaida, akawa anavuta polepole na mimi nasubiri na wavu wa mpini. Alipata wanne. Mmoja alikuwa na mayai tumboni, kifurushi cha rangi ya chungwa kama sponji, tukamrudisha, wawili hawakufika inchi 5 tukawarudisha, mmoja tulikuja naye.

Saa mbili hivi kiboya kikazama hakikurudi. Nikampa fimbo mtoto, rili ikalia, mikono inamtetemeka, nikamshika kiunoni tu sikugusa fimbo. Dakika tano sita hivi. Alipokuja karibu niliona doa jeusi mkiani nikajua ni huyo huyo wa Mzee. Nikamshika chini ya tumbo mikono ikiwa na maji, na alikuwa anagugumia, mlio unatoka tumboni mwake kama ngoma ndogo, mtoto akaweka sikio akasikia. Tukamlaza kwenye rula, nikaubana mkia. Inchi 19 na nusu. Nikapima tena. 19 na nusu.

Nilimweleza mtoto, akaniangalia kwa muda, halafu akauliza kama tukimrudisha atakumbuka njia ya kurudi kwao. Nikamwambia yeye aingie na magoti majini amshike mpaka asikie anataka kuondoka mwenyewe. Alikaa naye kama dakika nzima. Aliondoka akampigia maji usoni.

Hajaacha kuongea tangu Jumamosi. Mzee, nina swali, redifishi wakubwa wa vuli wanaosimuliwa, mtoto wa miaka 9 anawaweza?

Mzee_wa_Chambo

Nimesoma nikaita mke wangu naye asome. Wale wa vuli, Septemba mpaka Novemba, wanapita inchi 40 na wanamvuta mtu mzima, mtoto atahitaji fimbo iliyosimikwa kwenye bomba mchangani na wewe nyuma yake. Chambo nusu ya kaa au kipande cha mkizi, ndoano ya duara ili isimezwe, chubwi lenye miguu ya waya linaloshika mchanga. Waliopita 28 tunawarudisha, kwenye leseni kuna tagi moja tu, yaani kibali cha kumchukua mkubwa mmoja, na mimi sijawahi kuitumia.

Lakini hao wa mwezi wa tisa, leseni yako itakuwa tayari ya dola 40. Kabla ya hapo, Jumamosi ijayo nitakuwa mle mle kwenye hifadhi, saa kumi na moja na nusu nimeshafika, gari nyeupe ya pikapu. Nina fimbo fupi ya mjukuu wangu, imeshamwia ndogo, nitakuja nayo mtoto aichukue.