Mjadala: Kituo cha haki za kiraia cha chuo cha umma kiruhusiwe kufungua kesi dhidi ya serikali?

Mleta mada

Wakuu, naleta hili tulijadili bila jazba. Septemba 2017, bodi inayosimamia vyuo vikuu vyote vya umma vya jimbo la North Carolina, Marekani, ilipiga kura 24 kwa 3 kukizuia Kituo cha Haki za Kiraia cha kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kisifungue kesi tena. Utafiti ruksa, semina ruksa, kutembelea vijiji ruksa. Mahakamani, marufuku.

Kwa asiyekijua: kilianzishwa mwaka 2001 na wakili Julius Chambers. Baba yake alikuwa fundi magari mji mdogo wa Mount Gilead. Siku moja mteja mzungu akachukua lori lake likiwa limeshatengenezwa, akagoma kulipa. Mzee akabisha hodi kwa mawakili wa pale, wote wazungu, hakuna aliyekubali kumshika mkono. Mtoto akaapa kusomea sheria. Alimaliza kitivo hichohicho cha Chapel Hill mwaka 1962 akiwa wa kwanza darasani, na mwaka 1971 akashinda kesi ya Swann katika Mahakama ya Juu ya Marekani, ile iliyoruhusu mabasi ya shule yatumike kuvunja ubaguzi. Huku nyuma walishamlipulia gari na nyumba, na ofisi yake ikachomwa.

Kwa hiyo alipoanzisha kituo, hakukusudia kijiwe cha wasomi. Kiliwasimamia wananchi weusi wa Kaunti ya Brunswick waliopinga upanuzi wa dampo jirani na makazi yao. Kiliwasimamia wazazi walioishtaki Halifax kwa mgawanyo wa shule zake, kaunti yenye watu kama elfu hamsini tu lakini ina mamlaka tatu za shule, moja ya wazungu wengi na mbili za weusi.

Msimamo wangu: kazi za jamii za kitivo cha sheria zikinyimwa mahakama, zinabaki kuwa pole. Nani ana hoja?

Mlipakodi

Mkuu, historia ya Chambers hakuna anayeibisha, ila haijibu swali lako. Kaunti ni serikali. Chuo ni cha serikali. Mwananchi huyohuyo anagharamia wakili wa kaunti, na anagharamia jengo ambamo wakili wa upande wa pili anaandika hati ya madai. Ni serikali kujipeleka yenyewe mahakamani, na bili inakuja kwangu pande zote mbili.

Halafu nani anachagua kesi? Diwani nikimchoka namwondoa kwa kura. Mkurugenzi wa kituo simwondoi. Na hiyo Halifax uliyoitaja, Desemba 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo iliwakatalia wazazi, ikasema wajibu wa elimu kikatiba ni wa jimbo, si wa makamishna wa kaunti. Miaka mitatu kaunti maskini inalipa mawakili kujibu kesi iliyoelekezwa kwa mtu asiyehusika!

Mleta mada

Hoja ya "serikali kujishtaki" ndiyo niliyoingoja, maana inasikika vizuri kuliko ilivyo. Tangu kesi ya Gideon ya mwaka 1963, kila jimbo Marekani lazima limpatie wakili mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo. Wakili huyo analipwa na serikali, mwendesha mashtaka analipwa na serikali, na hakimu pia. Kila siku ya Mungu, ndani ya North Carolina yenyewe, serikali inalipa pande zote mbili, na hakuna anayeona ajabu.

Isitoshe, fedha za kituo zilitoka zaidi kwa wafadhili binafsi na ruzuku. Na soma katazo lenyewe: linazuia vituo kufungua kesi dhidi ya serikali, dhidi ya taasisi, dhidi ya mtu yeyote, na kuwa wakili wa mtu mwingine yeyote. Kama shida ilikuwa serikali kujishtaki, mwenye kiwanda binafsi aliingiaje kwenye orodha ya wanaolindwa?

Kuhusu kushindwa Halifax: kesi kushindwa ni matokeo ya kawaida ya kesi. Tukifunga kila ofisi ya sheria iliyowahi kushindwa, hata ya kaunti haitabaki.

Dawati la Msaada

Niwaingilie. Nimefanya kazi ya msaada wa kisheria, na kuna kitu wote wawili mnakiruka. Katazo lile halikugusa kliniki za sheria, zile ambazo wanafunzi wanashika kesi chini ya usimamizi wa wakili. Bodi ilisema elimu ya vitendo ipo hapo, kituo hakihitajiki. Kwenye karatasi inaeleweka.

Sasa njoo dawatini. Mama anaingia na bahasha ya kaki: barua za halmashauri, stakabadhi, picha za maji ya kisima chake, vyote vimechanganyika. Mwanafunzi anatumia wiki kuvipanga kwa tarehe. Anamzoea, anajua hata mtoto gani ana pumu. Muhula unaisha, mwanafunzi anaondoka, anakuja mwingine, na mama anaanza upya, "Ilikuwa hivi mwanangu..." Kesi za dampo na za shule zinakwenda miaka. Hazibebwi na watu wanaobadilika kila muhula. Kituo kilikuwa na mawakili wa kudumu, mwanafunzi alipita ila faili lilikuwa na mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti, na sidhani kama bodi haikuijua.

Ila Mlipakodi yuko sahihi kwenye moja: mfadhili ana sauti kwenye uchaguzi wa kesi, hata akikaa kimya.

Mchangiaji mwingine

Msidhani chuo binafsi kinapona. Kliniki ya sheria ya mazingira ya Tulane, Louisiana, iliwasaidia wakazi wa Convent kupinga kiwanda cha Shintech cha kutengeneza plastiki ya PVC. Gavana Mike Foster akaja juu, wafanyabiashara wakalalamika, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo ikabana masharti ya nani anaweza kuwakilishwa na wanafunzi. Tulane haiko chini ya jimbo. Mnabishana kuhusu kodi wakati shida ni nani alikanyagwa kidole.

Mlipakodi

Basi suluhisho liko mezani. Mawakili wawili wa kituo walipoachishwa kazi walifungua shirika lao huru lenye jina la Chambers. Safi kabisa! Washtaki wanavyotaka, nje ya chuo.

Au kama ni lazima wabaki chuoni, bodi iidhinishe kila kesi kabla ya kufunguliwa.

Mleta mada

Shirika la nje ni jema, lakini wanafunzi wamebaki ndani. Kitivo cha umma kipo ili kitoe mawakili wa jimbo lile, na wengi wao hawajawahi kukutana na mteja wa aina ya mzee Chambers.

Hiyo ya bodi kuidhinisha siikubali hata kidogo. Wajumbe wale wanachaguliwa na bunge la jimbo. Kesi ikigusa uamuzi wa bunge, mwombaji anakwenda kuomba ruhusa kwa mteule wa mdaiwa. Niambie, Mlipakodi, kwa utaratibu huo ni kesi gani ya haki za kiraia ingepita? Taja moja tu, nami nitakusikiliza.