Mrejesho: Nilikosa hamu ya kusoma, sasa daftari linajaa

Ndugu zangu, miezi miwili iliyopita niliwauliza mtu anapata wapi msukumo wakati kila jioni anaahidi kusoma na kila jioni anaishia kitandani na simu. Nimerudi kuwashukuru.

Ushauri ulionigusa zaidi ni wa yule aliyeniambia niache kusubiri hamu, nianze kwanza, nayo itanikuta njiani. Mwingine akanieleza kuhusu mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, aliyeandika mwaka 1999 kwamba nia peke yake haitoshi. Mtu apange kabisa: likitokea hili, nitafanya lile. Basi nikapanga: nikishaosha vyombo vya usiku, nakaa mezani. Mikono bado ina unyevu, daftari nimeliacha wazi tangu asubuhi, kalamu juu yake. Naandika sentensi moja tu. Nikitaka kuishia hapo, naishia.

Siku za mwanzo niliishia hapo kweli, na iliniuma. Wiki ya tatu nikajikuta nimegeuza ukurasa bila kujua. Simu naiweka chumba kingine, na kwangu hilo limesaidia kuliko maneno yote ya kutia moyo niliyowahi kusikia.

Kuna siku nne nilizokosa nilipougua. Zamani ningeacha moja kwa moja. Safari hii nilipopona niliosha vyombo, nikakaa.

Mtihani bado haujafika. Nimebakiza sura mbili.